Maji Yaliyoshiba

Abiria wa mabasi ya kusini wanaijua supu ya Sauda kabla ya kumjua Sauda mwenyewe. Basi likisimama Somanga madirisha yanafunguliwa, mikono inatoka, na wanaume wazima waliokaa kimya tangu Dar es Salaam wanaanza kuita kama watoto: kikombe huku, mama, ndimu usisahau. Ni supu ya pweza. Wanasema inarudisha nguvu, halafu wanachekana pembeni, maana nguvu inayotafutwa na mwanamume mwenye mke nyumbani kila mtu anaijua. Sauda hakuwahi kubishana nao. Anayekusifia biashara yako humkatizi.

Kwa hiyo mumewe Nassibu alipoanza kukonda, macho yakawa manjano na tumbo likajaa, ungetaka Sauda afanye nini? Zahanati walisema ini lina matatizo, wakamwandikia aende hospitali ya wilaya. Sauda akasema mumewe ataenda, lakini kwanza apate nguvu ya safari. Mgonjwa haulizwi uji, na Sauda hakumuuliza hata supu. Bakuli asubuhi, bakuli jioni, minofu minene ya mkono wa pweza, si zile ncha anazouziwa abiria mwenye haraka. Kama yupo mwanamke aliyewahi kumpenda mtu kwa upawa, ndiye huyo.

Nassibu hakupata nguvu. Alipata ndoto.

Mambo yalikuja taratibu. Mchana akawa analala, usiku anakaa macho. Ukimuuliza leo siku gani anakutajia ya juzi. Akinyoosha mkono kupokea bakuli kiganja kilikuwa kinapapatika kama bawa la kuku anayetua. Halafu alasiri moja, Sauda akiwa uani anampiga pweza juu ya jiwe ili alainike, alimsikia mumewe anaongea chumbani kwa sauti ya chini, ile ya mzazi na mtoto anayekaribia kusinzia. Akaingia. Nassibu alikuwa peke yake, amelala chali, anatabasamu.

"Unaongea na nani, Baba Imani?"

"Na Imani."

Imani alikuwa binti yao. Homa ilimchukua akiwa na miaka saba, na kama angekuwepo sasa angekuwa anavaa sare za sekondari. Hawakujaliwa mwingine. Siku aliyokufa Sauda alikuwa barabarani na sufuria yake, kwa sababu asubuhi mtoto alionekana ana nafuu; aliyebaki naye ni baba. Tangu hapo mke na mume waliendelea kuitana Mama Imani na Baba Imani, lakini habari za siku ile hawakuzigusa tena.

"Yuko wapi?" Sauda akauliza, na hakujua kwa nini anauliza.

Nassibu akamweleza. Walikuwa chini ya bwawa lake la samaki, lakini bwawa lenyewe halikuwa na mwisho. Maji ni ya vuguvugu, mazito kidogo, mtu anakaa ndani yake bila kuvuta pumzi na hapungukiwi na kitu. Chumvi inashuka kutoka juu polepole, nyeupe, inatua mabegani. Adhana inafika kule ikiwa mapovu. Ukiona mapovu yanapita unajua ni alasiri. Imani ameketi kwenye tope, amempakata kambale mamba aliyelala, anambembeleza asiamke kabla ya mvua.

"Anasema mama akiingia bwawani anakanyaga tope kama bata."

Sauda alicheka, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuna mwingine duniani, ila Imani, aliyewahi kumwita bata. Pweza alibaki juu ya jiwe mpaka nzi wakamgundua, na jioni ile mabasi mawili yalipita Somanga bila supu.

Ikawa desturi. Kazi zikipungua Sauda alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda, anauliza, anajibiwa. Imani amesuka nywele. Imani anawafundisha kaa kwenda mbele badala ya ubavu, nao hawasikii. Akitoka pale Sauda aliiona lami inayumba kidogo, malori yakipita bila kelele, kana kwamba na yeye amelowa. Alimhofia mumewe kwa jinsi anavyopotea. Pia alikuwa na furaha, tuseme ukweli, furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka.

Hilo bwawa lilikuwepo kweli, nyuma ya mikoko, palipokuwa shamba la chumvi zamani. Nassibu alilichimba upya na kufuga mwatiko, baada ya semina ya afisa uvuvi mmoja iliyomwingia mno kichwani. Ukikaa naye wakati ule alipokuwa mzima, somo hulikwepi. Samaki haendi msalani, alikuwa akisema. Nyama anayokula inajenga mwili, na inayozidi haiwekwi akiba. Mwili unaivunja, na ikivunjika inatoa amonia, ile harufu kali ya choo kilichofungwa siku nyingi. Ni sumu. Samaki anaitoa kwa mashavu, palepale anapopumulia. Baharini hakuna neno, bahari inapokea. Bwawani maji ni yaleyale. Ukiwalisha kupita kiasi maji yenyewe yanashiba, hayapokei tena, na sumu inarudi mwilini mwa samaki mpaka inapanda kichwani.

Aliyempenda kuliko wote hakuwa mwatiko, alikuwa kambale mamba wa mabwawa ya bara. Kiangazi kikikausha maji, huyo anachimba tope, anajifunika ute wake mpaka unakauka juu yake kama karatasi, analala. Hana pa kuitoa sumu, basi anaigeuza kuwa kitu kipole, kama mkojo wa binadamu, na anakaa nacho miezi na miezi akisubiri mvua. "Huyo amejua kulala bila kufa," Nassibu alikuwa akisema, na Sauda alikuwa akiitikia ndiyo huku anamenya vitunguu saumu.

Nassibu alipolala kitandani, kulisha samaki kukawa kazi ya Sauda. Mwatiko ni mla majani ya majini na pumba kidogo. Lakini Sauda hakuweza kuona samaki wa mgonjwa wakikonda, majirani wakasema kila kitu cha nyumba ile kinakauka. Akawa anawapelekea vichwa vya pweza, matumbo, na vipande vilivyobaki sufuriani. Ndoo nzima. Walikuwa wanakuja mbio juu ya maji, na yeye anasema kuleni, wanangu.

Ndipo akafiwa na mama yake mdogo huko Kiranjeranje. Matanga hayakwepeki. Sauda alimwaga ndoo mbili bwawani ziwatoshe, akamwacha mumewe mikononi mwa wifi yake Somoe, akaondoka.

Aliporudi hakumkuta mtu kitandani. Somoe akamwonyesha kwa kidole upande wa mikoko, na Sauda akakimbia na kanga mkononi. Nassibu alikuwa amesimama kwenye kingo za bwawa, ameegemea fimbo, amekonda vilevile, lakini macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyepo.

"Pole na msiba, Mama Imani," alisema. "Mama mdogo alikuwa mtu mwema. Umewalisha nini samaki hawa?"

Sauda alikuwa anamwangalia yeye. Kisha akaangalia maji. Yalikuwa yamebadilika rangi, mazito, na harufu ilipanda puani ikamtoa machozi. Mwatiko walikuwa juu wakihema kwa midomo wazi. Wengine waliogelea ubavu ubavu, polepole, wakizunguka mahali pamoja. Mmoja aligonga ukingo wa tope, akarudi nyuma, akagonga tena palepale.

"Wamelewa?" Sauda akauliza.

"Wanaota," Nassibu alisema. "Sumu imepanda kichwani. Hajui tena ukingo uko wapi. Wewe unamwona anateseka, na yeye pengine huko aliko anaona bahari. Acha kabisa kuwalisha. Bahari ikijaa tufungue mlango wa bwawa."

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilikuwa limeanza, bahati yao. Bahari ilipojaa wakainua ubao wa mlango maji mapya yaingie, ilipokupwa wakayaruhusu ya zamani kutoka, na wakarudia ilipojaa tena. Wengi walikufa. Lakini waliobaki walianza kunyooka, wakashuka chini, wakawa samaki tena. Nassibu alikaa kingoni muda wote huo akitoa amri kama nahodha, na Sauda akikanyaga tope alikuwa anacheka na kulia, maana mumewe alikuwa amemwita kwa jina, amempa pole, amejua siku.

Kwa furaha ile akafanya nini? Akapika supu. Akachagua pweza mkubwa kuliko wote, akamjazia bakuli, akaongeza. Kesho yake alasiri Nassibu alikuwa anaongea na Imani.

Sauda alitoka nje akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Somoe alikuwa anafagia.

"Wifi, siku zile nilipokuwa sipo ulimpa nini kaka yako?"

"Nilichoweza. Pweza mimi siwezi hata kumshika, anavyonata. Nilimpa uji, na kunde. Mwanzoni alikuwa halali, halafu akaenda choo sawasawa, akaomba fimbo yake. Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya," Sauda alisema.

Si mjinga yule. Hakuwahi kusoma mambo ya ini, lakini alikuwa amesimama juu ya bwawa akanusa, na sasa alikuwa anakumbuka pumzi ya mumewe asubuhi ilivyokuwa nzito. Pweza hana mfupa, ni nyama tupu. Anakula nyama, anakuwa nyama, anaingia sufuriani. Ndoo mbili kwa samaki. Bakuli mbili kwa mume. Aliyaweka mambo hayo ubavu kwa ubavu, akaona ni jambo moja.

Mwingine angemwaga sufuria palepale. Sauda alikaa siku nzima bila kumpa kitu zaidi ya uji, na kesho yake akachukua pweza akaenda kwenye jiwe.

Msimlaani upesi. Kulikuwa na swali moja ambalo lilikuwa limemlalia kifuani tangu siku waliyomzika mtoto, na hakuwahi kupata wa kumuuliza. Sasa alikuwa amepata mlango, na mlango wenyewe ulikuwa unafunguka kwa upawa. Bakuli moja tu, alijiambia. Nimuulize, anijibu, halafu basi, nitamrudisha mume wangu na sitarudia. Alikoroga, akakamua ndimu. Nassibu akanywa yote, kwa sababu mke wake ndiye aliyempa.

Alasiri akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Imani. Yupo?"

"Yupo mbali kidogo."

"Muulize. Siku ile, kabla hajaondoka, aliniulizia? Alijua nilikuwa wapi?"

Nassibu alifumba macho. Uso wake ulilegea, midomo ikatembea kama ya mtu anayehesabu. Sauda aliinama mpaka sikio likagusa ndevu zake. Alisikia pumzi. Alisubiri, na nje basi lilipiga honi na kuondoka, na mwanga wa dirishani ukatembea ukutani hadi ukaisha. Alipomtikisa hakufungua macho. Alipomfinya hakusogeza mkono. Akamwita kwa majina yote aliyonayo, na Nassibu hakuitika hata moja.

Jirani yao Jafari alimbeba kwa bajaji yake hadi barabarani, na gari la mizigo likawapeleka hospitali ya wilaya, Sauda akiwa nyuma amekipakata kichwa cha mumewe, akimwambia Mungu mambo ambayo si ya kuandikwa.

Daktari aliitwa Scholastica, mama mfupi anayezungumza bila haraka. Alimpa Nassibu dawa ya maji matamu ya kumfungua tumbo, wakamfanyia mengine ya hospitali, na siku ya pili akafungua macho akaomba maji. Ndipo daktari alipomwita Sauda pembeni. Ini la mzee limejaa makovu, alisema, homa ya ini ya zamani ndiyo iliyoliharibu. Mojawapo ya kazi zake ni kupokea sumu inayotoka kwenye nyama tunayokula na kuigeuza iwe mkojo. Likichoka sumu inapita, inafika kwenye ubongo, mtu anapotea. Makovu hayatafutika. Lakini akipata choo kila siku, akila kidogo kidogo mara nyingi, kunde na choroko badala ya mabakuli ya nyama, akili yake inaweza kukaa naye.

"Nilimpa supu," Sauda alisema.

"Kila mtu anampa mgonjwa wake supu, mama."

"Mara ya mwisho nilijua."

Daktari alimshika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wakarudi Somanga. Sauda aliendelea na sufuria yake barabarani, maana lazima watu wale, lakini nyumbani pweza hakuvuka kizingiti. Alijifunza kunde za nazi, choroko, mchicha, uji wa mtama. Nassibu alifuata masharti bila ubishi. Alijua siku, alijua mwezi, alikuwa anatembea na fimbo mpaka bwawani na kurudi. Alikuwa mpole na mwenye huzuni, na Sauda alijua huzuni ile inatoka wapi kwa sababu hata yeye alikuwa nayo. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja pungufu kuliko ilivyokuwa mwezi uliopita.

Alasiri moja walikaa pamoja kingoni. Sauda alikuwa amembebea kunde kwenye bakuli, amefunika kwa sahani. Maji yalikuwa safi, na chini kabisa mwatiko waliobaki walikuwa wanapita, kivuli kimoja baada ya kingine.

"Mama Imani," Nassibu alisema, "nipe supu siku moja. Kikombe tu, cha abiria."

Sauda alikuwa analingojea neno hilo tangu hospitali.

"Najua inanifanya nini," aliendelea. "Daktari ameniambia. Najua hata yule si mtoto, ni sumu. Lakini nikiwa naye sijui kama ni sumu. Umri wangu huu, ini langu hili, unaninyima kwa faida gani?"

"Mimi nilikupa," Sauda alisema. "Lile bakuli la mwisho. Nilikuwa nimeshajua ni supu inayokupoteza, nikakupa. Nilitaka umuulize kitu."

Ndege mmoja wa mikokoni alilia, akaacha.

"Ulitaka nimuulize nini?"

Akamwambia. Aliyasema akiangalia maji, kwa maneno machache, kama mtu anayetema mwiba. Je, aliniulizia siku ile. Je, alijua mama yake yuko wapi.

"Kule hakuna wa kukujibu," Nassibu alisema polepole. "Mwanzoni yupo, anacheza, anasema yale tunayoyajua. Ukizama zaidi na yeye anaondoka. Mara ya mwisho hakuwepo mtu, palikuwa na maji tu. Lakini mbona hukuniuliza mimi? Mimi ndiye niliyekuwepo."

Sauda akageuka.

"Hakukuulizia," Nassibu alisema. "Alijua uko kwenye mabasi. Alisema, mama akija mwambie nimemaliza uji wangu wote."

"Bakuli nililikuta tupu." Sauda alikuwa ananong'ona. "Miaka yote hii najiambia alikula, alikuwa na nafuu, kama ningewahi..."

"Alikunywa vijiko viwili. Uliobaki niliumwaga mimi nyuma ya nyumba, alipokwisha kufumba macho. Alikuwa ameshasema amemaliza, nikaona ukirudi usije ukamkuta mtoto muongo."

Sauda alilia kwa sauti, kanga mdomoni, kilio cha mfiwa wa leo. Nassibu aliweka mkono juu ya kichwa chake, na mkono ule haukupapatika. Alimwacha mpaka alipotulia. Hakurudia kutaja supu, wala Sauda hakuhitaji tena kumkatalia.

Kisha Nassibu akalifunua bakuli la kunde, zilikuwa zimeshapoa, akaanza kula. Alikula kidogo kidogo kama alivyoagizwa, tonge kwa tonge, mke wake akimtazama, mpaka akamaliza kweli.